Kaburi la Shangazi wa Pimbi

Hapo zamani za kale, siku zile Kifaru alikuwa bado anasema samahani akimkanyaga mtu, wanyama wa mtaa wa Majabalini walikuwa na bustani moja ya pamoja. Kila nyumba ilikuwa na tuta lake. Baragumu likilia asubuhi, puuu!, wote wanatoka na majembe: huyu anapalilia bamia, yule anamwagilia mchicha, huyu anaiba mche wa jirani na kusema umeota wenyewe.

Kaeni vizuri. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, mimi sishindani na miwa.

Katika bustani ile alikuwamo Bi Pimbi. Mdogo! Ukimtia kwenye kikapu cha mayai, nafasi ya mayai inabaki. Alikuwa na watoto watano na mume mmoja, lakini mume alikwenda kutafuta chumvi ng'ambo ya milima, na chumvi hiyo inatafutwa mpaka leo. Kwa hiyo nyumba nzima ilikula kutoka kwenye tuta moja: nyanya, bamia, na mchicha kidogo pembeni. Tuta likizaa, watoto wanashiba. Lisipozaa, wanalamba mawe. Hakuna njia ya tatu.

Mwenyekiti wa bustani alikuwa Tembo. Hakuchaguliwa. Siku ya uchaguzi alikaa kwenye kiti, na hakuna aliyeweza kumtoa.

Basi kikaja kiangazi. Jua likapiga mpaka mijusi wakatembea kwa ncha za vidole. Maji yalikuwa mtoni, chini kabisa bondeni. Tembo alikuwa akishuka mara moja, anavuta mkonga mmoja, anapanda, fwaaa! Tuta lake limekunywa. Nyati na Kifaru walibeba mitungi miwili miwili kama mtu anayebeba machungwa. Lakini Bi Pimbi alibeba kibuyu kimoja, akapanda mlima akihema, na akifika juu nusu imemwagika, robo ameinywa kwa kiu, na robo iliyobaki nyanya ziliipokea bila hata kushukuru.

Siku moja katika mkutano Bi Pimbi akasimama juu ya jiwe ili aonekane.

"Mwenyekiti, tuchimbe kisima hapa hapa bustanini."

"Kisima?" Tembo akacheka mpaka masikio yake yakapiga makofi. "Cha nini? Mto upo!"

"Mto upo kwako wewe mwenye ndoo puani. Sisi wengine tunakufa kwenye mteremko."

"Kuchimba kunaumiza mgongo," akasema Nyati. "Na mgongo wangu mimi ni wa kugaragaza matopeni. Mungu ndivyo alivyoupanga."

"Na sisi tukichimba, tunapata nini?" akauliza Kifaru. Kifaru haoni mbali, lakini faida anaiona hata ikiwa nyuma ya mlima.

"Mtapata maji!"

"Maji tunayo."

Mama Kanga, jirani yake Bi Pimbi, akapiga kelele, "Kekekeke! Na sisi je?" Lakini nani anamsikiliza kanga?

Tembo akagonga ardhi kwa mguu, gudu! "Nimechoka na malalamiko. Sikilizeni sheria. Siku mwezi utakapoandama nitapita tuta kwa tuta. Tuta nitakalolikuta limekauka, mwenyewe ameshindwa. Nitampa jirani mwenye nguvu ya kulitunza."

Jirani mwenye nguvu wa Bi Pimbi alikuwa Nyati. Tuta lake liligusana na la Nyati kama wake wenza. Nyati akamgeukia, akajilamba pua.

"Shemeji, nyanya usizing'oe. Niachie hivyo hivyo."

Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Bi Pimbi hakulia. Alirudi kwenye tuta, akaanza kung'oa magugu kwa hasira, na hasira ikimpeleka mtu kwenye jembe si mbaya. Alipofika kwenye kona ya chini ya bustani, pale pasipo na tuta la mtu, akasita. Bustani nzima ilikuwa imekauka kama kaukau, lakini ndago za pale zilikuwa za kijani, zimesimama, zinang'aa, hazina habari na kiangazi. Akang'oa moja. Mizizi ikatoka na udongo wa baridi.

"Haa!" akasema. "Kumbe mnakunywa wapi, nyie?"

Akamwita Mama Kanga. Wakachimba, para para para, siku nzima. Wakafika kwenye tabaka la changarawe ngumu. Ng'o! Jembe likaruka. Ng'o! Mpini ukavunjika.

"Kucha zangu!" akalia Mama Kanga. "Tazama! Nitaparua kwa nini sasa? Kwa mdomo?"

"Maji yapo chini ya changarawe."

"Hata kama kuna harusi chini ya changarawe, mimi siendi. Hapa anatakiwa mtu mwenye pembe."

Na ni kweli. Mwenye pembe alikuwapo, mwenye meno marefu alikuwapo, mwenye kwato alikuwapo, na wote watatu wamelala kivulini wanafukuza nzi.

Wakiwa wamekaa pale na majembe yao mabovu, Tembo akaamka, akapita njiani. Akasimama. Akainua mkia. Pwaa! Pwaa! Pwaa! Akaacha mzigo wa kujaza mapakacha matatu, akaendelea na safari bila hata kugeuka. Alipofika mbali kidogo akapaza sauti:

"Mtani! Nimekuachia mbolea hiyo! Usiseme sikusaidii!"

Mama Kanga akatukana. Bi Pimbi hakutukana. Aliutazama ule mzigo, akautazama tena, kisha akaanza kutabasamu polepole, kama mtu aliyekumbuka pa kupatia ugali.

Sasa hapa kuna jambo lazima mlijue, la sivyo mtaniuliza katikati na mimi nitakasirika. Pimbi na wakubwa wale walikuwa watani. Hapo nyuma babu zao walipigania magadi mpaka wakachoka, wakapatana, na tangu siku ile wakawa watani. Mtani unamtania utakavyo, na yeye haruhusiwi kununa. Na mtani akifiwa, wewe ndiye unayechimba kaburi. Huulizi malipo, husemi nina kazi, wala humfunui maiti, huo ni mwiko. Anayekataa kuchimba, au anayenuna kwa utani, siku yake ikifika hakuna atakayeinua jembe. Ataachwa hapo hapo na fisi waalikwe.

Tembo alikuwa haogopi simba. Lakini jambo hilo alikuwa analiogopa. Hebu fikiri mwenyewe: tembo mzima, amekufa, halafu watu wanapita tu na shughuli zao!

"Mama Kanga," akasema Bi Pimbi, "nimefiwa."

"Uwii! Na nani?"

"Na shangazi."

"Shangazi yupi? Wewe huna shangazi."

"Sasa ninaye." Akaonyesha mzigo wa Tembo kwa mpini uliovunjika. "Yule pale. Twende tukamwoshe."

Mama Kanga akautazama mzigo, akaenda kutafuta magunia.

Alisema uongo? Alisema. Mimi siupaki asali. Lakini aliomba kisima kwa kinywa safi, mbele ya mkutano, juu ya jiwe, na wakamcheka. Ukimfungia mtu mlango, usilalamike ukimkuta ameingia dirishani.

Siku mbili walizunguka bustani na njia zake zote wakizoa. Walizoa ya Tembo, wakazoa ya Nyati, wakazoa ya Kifaru. Wakachanganya na maganda, majani yaliyooza na maji ya dagaa, wakashindilia kwenye magunia sita. Wakayapanga magunia juu ya kitanda cha kamba, mawili ya miguu, matatu ya tumbo, moja la kichwa. Wakafunika kwa shuka jeupe. Kisha wakamwacha shangazi juani apate harufu. Akaipata!

"Tumbo limezidi," akanong'ona Mama Kanga.

"Alikula vizuri. Mwache."

Asubuhi ya siku ya nne baragumu halijalia bado, Mama Kanga akapanda juu ya ua wa bustani, akavuta pumzi.

"Kekekekekeee! Uuuwi! Uuuwi jamani! Shangazi! Shangazi ametuacha! Shangazi wa Bi Pimbi, mama wa watu, ametoka bara kuja kutuona, amefika, ameketi, amesema maji, akakata roho! Kekekekeeee!"

Mtaa mzima ukatoka. Na wale watatu nao wakatoka, kwa sababu mtani akisikia kilio hana pa kujificha, hasa akiwa na ukubwa ule.

Tembo alifika wa kwanza. Akamkuta Bi Pimbi amekaa chini, kitambaa kichwani, anayumba huku na huku.

"Pole, mtani," akasema Tembo. Halafu akaanza utani, maana bila hivyo msiba haujachangamka. "Amekufa kwa ugonjwa au kwa ufupi?"

"Amekufa kwa kuchoka kuangalia masikio yako," akajibu Bi Pimbi huku analia. "Alisema, nani ameanika majani ya mgomba kichwani mwa mtu?"

Watu wakacheka. Nyati akaja, akainamia kitanda.

"Mbona mrefu hivi? Ninyi ukoo wenu mnaishia kwenye kifundo cha mguu."

"Huyu alikuwa wa bara. Bara wanakua."

"Na mkia anao? Au naye, siku mikia ilipogawanywa, alimtuma jirani amchukulie?"

"Mtani, mkia ni wa kufukuzia nzi. Sisi tunaoga."

Kifaru akafika mwisho, akaelekeza pua kwenye shuka. Fuu, fuu, fuu. Kifaru haoni, lakini pua ile haikosei.

"Harufu hii," akasema Kifaru taratibu, "naifahamu."

Bi Pimbi akashika ncha ya shuka.

"Naifahamu kabisa. Inanikumbusha nyumbani." Midomo ikaanza kumtetemeka. "Inanikumbusha nilipokuwa mdogo, tumelala mimi na mama..." Akaangua kilio, hooo, hooo, machozi yakadondoka kwenye pembe. Mama Kanga ikabidi ajifunike uso kwa bawa, mabega yakimcheza, na watu wakasema, tazama jirani mwema anavyolia.

"Haya, watani," akasema Bi Pimbi, "marehemu aliacha wosia. Alisema, mimi maisha yangu yote nimekaa juu ya mawe ya moto. Nikifa nizikwe penye ubaridi. Mchimbe mpaka udongo ukiushika mkononi ushikamane kama ugali. Ukiwa mkavu, msinilaze."

"Hayo mashangazi ya bara yana makuu," akanung'unika Nyati.

"Unakataa, mtani?"

"Nani amekataa? Nani amesema nimekataa? Kaburi liko wapi?"

Bi Pimbi akawaonyesha palipokuwa na ndago.

Wakaanza! Kifaru akazamisha pembe, kwaa! Nyati akaparura kwa kwato, shara shara shara! Tembo akang'oa mawe kwa meno na kuyarusha nje, vuu! Changarawe iliyovunja mipini ya watu ikapasuka kama kaukau za mihogo. Wadogo wote wa mtaa walikuwa wamejipanga juu, wanawaimbia watani nyimbo za kuwakejeli, na jinsi walivyokejeliwa ndivyo walivyochimba. Mkubwa ndivyo alivyo: mwombe, anakataa, mwambie hawezi, anavunja mlima.

"Kina kinatosha!" akaita Tembo kutoka chini. Shimo lilikuwa limemfika magotini.

Bi Pimbi akashuka, akashika udongo, akauminya. Ukamwagika kama unga.

"Shangazi hatalala hapa. Labda mmechoka?"

"Nani amechoka!"

Kwaa! Shara shara! Vuu!

Jua likafika utosini. Tembo akazama mpaka kifuani. Ndipo Nyati akatoka shimoni kupumzika, na alipotoka akakumbuka haki yake. Maana watani nao wana haki yao: huweza kumzuia maiti mpaka wafiwa watoe kitu. Nyati akaenda mpaka kwenye kitanda, akageuka, na puu! Akamkalia shangazi tumboni.

"Maiti haendi popote!" akatangaza. "Nataka nyanya! Nyanya za tuta lote, leo leo, la sivyo nalala juu yake!"

Kitanda kikalia, kwii. Tumbo la shangazi likabonyea, na chini ya shuka kukatoka sauti, pfuuuu.

Watu wakarudi nyuma.

"Ameongea!" akapiga kelele mtu.

"Hakuongea," akasema Mama Kanga, "hiyo si sauti ya mdomo."

Bi Pimbi aliona doa la kijani linaanza kuenea kwenye shuka jeupe, kwenye ubavu wa shangazi. Nyati akijigeuza mara moja tu, shuka linapasuka. Na shimo bado kavu! Siku zilikuwa zimebaki tano, nyanya zimekunjika majani kama masikio ya mbwa aliyepigwa, na watoto watano wako pale juu ya ua wanamtazama mama yao. Jasho likamtoka mpaka ndani ya kucha.

Hakupiga kelele. Alikwenda taratibu mpaka mbele ya Nyati, akapiga magoti, akashika kwato zake kwa mikono miwili.

"Ahsante, shemeji."

"Ahsante ya nini? Leta nyanya."

"Nilikuwa nalia tangu asubuhi nikijiuliza, nani atakubali? Kumbe ni wewe. Una moyo."

"Atakubali nini?"

"Kwao bara, anayemkalia maiti ndiye anayejitolea kulala kwanza kaburini. Analala chali, anafukiwa mpaka shingoni, anakaa mpaka machweo, anasikiliza kama kuna siafu. Wakimuuma, kaburi halifai, tunachimba jingine naye analala tena. Mama Kanga, lete mkeka wa shemeji!"

"Mkeka huo hapo!" akajibu Mama Kanga, na mkeka alikuwa hana.

Nyati alinyanyuka hivi, pole pole, kama mtu aliyekalia yai la mkwewe. "Mimi? Mimi sikumkalia. Niliinama tu nikateleza."

"Umekaa, tumeona!" wakasema watu.

"Nimeteleza! Mna macho ya wapi ninyi? Na kwa nini mnanichelewesha na kazi ipo?" Akaruka shimoni, gubu!, akachimba kama amekodishwa na mvua. Mchanga ukaruka mpaka ukamwingia Tembo kinywani.

"Taratibu, Nyati!"

"Taratibu ya nini? Shangazi anasubiri! Chimba, mzee, chimba!"

Kwaa! Shara! Kwaa! Kifaru akainamisha kichwa, akarudi nyuma hatua mbili, akapiga kwa nguvu zote alizopewa na mama yake.

Chwaaaa!

Maji yakamrukia usoni. Yakatoka chini ya pembe, yakatoka chini ya kwato za Nyati, baridi, mengi, yanabubujika, glo glo glo. Kwanza wakasimama ndani yake mpaka kwenye vifundo. Kisha mpaka magotini.

"Mtani!" Tembo akaita. "Kaburi limeingia maji!"

Juu kulikuwa na vigelegele. Wadogo wa mtaa walikuwa wameshashika vibuyu, ndoo, vifuu, mpaka makopo, na Bi Pimbi alikuwa mbele yao amevua kitambaa cha msiba na kukifunga kiunoni.

Wale watatu wakapanda kutoka shimoni, tope tupu, wanateleza, wanasukumana. Tembo akamwona Bi Pimbi anacheka. Akamtazama shangazi. Akakumbuka mwiko, akausahau, akashika ncha ya shuka kwa mkonga, akavuta.

Magunia sita. Moja limepasuka, linamtazama.

Tembo akachota kidogo, akanusa. Akanusa tena.

"Hiki," akasema, "hiki ni kinyesi changu."

"Ndiyo, mtani," akasema Bi Pimbi. "Si uliniachia mwenyewe? Tumekililia kwa heshima zote tangu asubuhi."

"Na mimi," akauliza Kifaru kwa sauti ndogo, "nililia nini?"

"Wewe ulililia chako. Gunia la pili kutoka kichwani."

Basi! Mtaa ulianguka. Kuna aliyecheka akaanguka kwenye mchicha, kuna aliyecheka akatagia pale pale, na huyo ni Mama Kanga. Nyati akajaribu kujinusa matako kwa siri, lakini nyati anajinusa vipi kwa siri?

Tembo akatandaza masikio. Akainua mguu. Watoto wa Bi Pimbi wakajificha. Bi Pimbi mwenyewe aliogopa, nisiwadanganye, lakini alisimama pale pale, urefu wake wote, ambao haukuwa mwingi.

"Umenuna, mtani?" akauliza.

Watu wote wakamwangalia Tembo.

"Sema tu kama umenuna. Watu wasikie, waweke akilini, siku yako ikifika wajue."

Mguu ukakaa hewani. Tembo aliona ile siku: yeye amelala chali, na mtaa mzima unapita na shughuli zake. Mguu ukashuka taratibu, ukatua bila kishindo.

"He," akasema Tembo. "He, he. Nani amenuna? Nacheka. Hamwoni nacheka? Nyati, cheka."

"He he," akasema Nyati kwa uchungu.

Mngedhani mambo yameisha. Hayakuisha! Mwenye nguvu akishindwa mbele anazunguka nyuma. Tembo akajifuta tope, akakohoa kohoo la uenyekiti.

"Sawa. Utani umekwisha, na umependeza. Sasa tuzungumze kama watu wazima. Kisima hiki tumekichimba sisi watatu. Kwa hiyo ni chetu. Kuanzia leo, atakayetaka maji aje aniombe mimi."

Vigelegele vikakatika. Vibuyu vikashuka. Mama Kanga akamtazama Bi Pimbi, na safari hii hakuwa anacheka.

Bi Pimbi akakuna sikio.

"Kisima kipi, mzee?"

"Hiki hapa!"

"Hicho? Hicho si kisima. Kisima nilikiomba mkutanoni, mkakataa, watu wote walikuwapo. Ulisema, Mto upo, hukusema?" Akageukia mtaa. "Alisema, hakusema?"

"Alisemaaa!"

"Mlichochimba leo ni kaburi. Mmeitwa kwenye msiba, mmekuja kama watani, mmechimba kaburi la mfiwa. Na kaburi tangu lini likawa la wachimbaji? Kaburi ni la wafiwa, na mfiwa ni mimi." Akasogea, akamtazama Tembo juu, juu, mpaka akaegemea nyuma. "Lakini kama unalidai, mwenyekiti, sikukatalii. Anayedai kaburi apewe, aingie, alale. Kuna mtu ana jembe hapo?"

"Majembe yapo!" wakajibu watu, na kweli yalikuwapo, maana ilikuwa bustanini.

Tembo akayatazama majembe. Akamtazama Nyati, na Nyati akaangalia mawinguni. Akamtazama Kifaru, na Kifaru akasema haoni mbali.

"Mimi," akasema Tembo, "nilikuwa nauliza tu."

Mchana ule ule shangazi aligawanywa. Gunia zima likaenda kwenye nyanya za Bi Pimbi, mengine yakagawiwa matuta ya wadogo, na hakuna maiti aliyewahi kuzikwa mahali pengi namna ile. Maji yakafuata, kibuyu baada ya kibuyu, bila mlima wala kuhema. Siku ya pili majani yakanyooka. Siku ya tano mwezi ukaandama, Tembo akapita tuta kwa tuta kama alivyoapa, akafika kwa Bi Pimbi, akakuta nyanya zimeanza kuona haya usoni. Akapita haraka. Nyati alikuwa amelala nyumbani anakandwa mgongo.

Jua la siku ile lilikuwa kali. Tembo akatazama njia ya kushuka mtoni, ndefu, inayumbayumba kwa joto. Akatazama kisimani. Akajikokota mpaka pale, akasimama mbele ya Bi Pimbi aliyekuwa ameshika kata.

"Mtani," akasema kwa sauti ya chini, "nina kiu."

"Karibu sana, mtani. Maji hayana kinyongo." Akanyoosha kidole. "Mstari unaanzia kule, nyuma ya Mama Kanga."

Na Tembo akaenda, akasimama nyuma ya Mama Kanga, ameshika kifuu mkongani.

Mwenye kiu ya hadithi nimemtekea, na funzo ni hili tu: ukinyimwa kwa nguvu, tumia akili, maana mwenye mabavu huchimba na mwenye akili huteka.